Nikon D3500 kwenye harusi za Pemba: uzoefu wangu

Napiga picha kwenye shughuli za wanawake hapa Pemba, Wete zaidi na mara nyengine Chake Chake: siku ya hina, kupambwa kwa biharusi, na ukumbi wa jioni ambao mwanamme haingii. Kazi hii nimeifanya kwa kamera ya Nikon D3500 misimu kadhaa ya harusi. Naulizwa mara kwa mara kama DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, bado ina maana wakati kila mtu ana simu nzuri mkononi. Jibu langu ni kwamba kwa kazi yangu simu haifai, na sababu ya kwanza haihusiani kabisa na ubora wa picha.

Siku hizi shughuli nyingi za wanawake zina mtu mlangoni wa kukumbusha kwamba simu hazipigi picha ndani. Anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa kwa nini. Mwanamke kavua baibui, nywele zimepambwa kwa asumini, mikono na miguu imejaa hina. Picha hiyo ikishaingia kwenye kundi moja la WhatsApp haina mwenyewe tena, na kabla hakujakucha imeshafika Dar na Muskat. Kamera haina laini. Inachopiga kinakaa kwenye kadi, na kadi ninayo mimi. Mama wa biharusi na somo wake wanalielewa hilo haraka kuliko chochote nitakachowaambia kuhusu megapikseli. "Mwanangu piga, lakini kitu hichi kisitoke nje," huniambia, na mimi naweza kuahidi na ahadi nikaitimiza.

Kwa upande huo D3500 inanifaa kuliko hata kamera mpya zaidi. Haina Wi-Fi. Ina Bluetooth tu, na hiyo ukiiunganisha na programu ya Nikon ya SnapBridge inaweza kuzisogeza picha ndogo za megapikseli 2 kwenye simu mwenyewe usijue. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuizima kwenye menyu, na nimeiacha hivyo.

Kuhusu kuchagua. Nilikuwa kati yake na Canon EOS 2000D, zote za mwaka 2018, zote za kuanzia, zote na megapikseli 24 na senso (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya ukubwa unaokaribiana. Canon ina Wi-Fi, na ukikwama lenzi ni rahisi kumkuta mtu Unguja wa kukuazima, kwani wenye Canon ni wengi. Lenzi yake ya 50mm f/1.8 STM nayo ni rahisi. Kilichoniamulia ni betri. Kwa kipimo cha kiwanda 2000D inapiga picha kama 500 kwa chaji moja, na D3500 inapiga 1,550. Anayejua shughuli inayoanza asubuhi kwa kupambwa na kumalizika usiku wa manane, na umeme unaoweza kuondoka wakati wowote katikati, ataelewa kwa nini sikufikiri mara mbili. Siri ya betri hiyo ni kuchungulia kwenye tundu: mwanga unapita kwenye lenzi, unapiga kioo cha ndani na kufika kwenye jicho, umeme hautumiki. Ukianza kupiga kwa kutazama skrini ya nyuma, betri inashuka mbele ya macho yako. Kasoro moja hapa ni kwamba haichajiki kwa waya wa USB, kwa hiyo pawabenki haikusaidii. Lazima betri uitoe uiweke kwenye chaja yake.

Wapo watakaovutwa na Canon 4000D kwa sababu bei yake iko chini zaidi. Ile ningeiacha. Sehemu ya kufungia lenzi ni plastiki, skrini ni ndogo, na anayebadilisha lenzi kila shughuli atajuta.

Sasa lenzi, na hapa ndipo pesa zinapostahiki kwenda. Kamera huuzwa na lenzi ya 18-55mm, na si mbaya. Mchana, nje, nimeitumia kwa karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi pembeni mwa barabara, zile za jana bado zina wekundu na za siku nyingi zimeshakuwa hudhurungi, na picha zilitoka safi hadi unaona kichwa cha kila karafuu. Tatizo ni ndani ya nyumba usiku. Ukiivuta hadi 55mm lenzi hiyo haifunguki zaidi ya f/5.6, na namba ya f ikiwa ndogo ndipo tundu la lenzi linapokuwa kubwa. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga takriban mara 10 ya huo. Chumba cha biharusi chenye taa moja ya darini, dirisha limefungwa na pazia nzito kwa ajili ya sitara, huwezi kukipiga kwa f/5.6 bila picha kuwa na chenga (vile vinukta-nukta) au watu kutoka wamevurugika.

Kwa hiyo nilinunua AF-S DX 35mm f/1.8G. Ni ndogo, gramu 200, na kwenye senso hii inaona karibu sawa na jicho linavyoona, kwa hiyo unaweza kukaa chini kwenye mkeka na wanawake wengine ukapiga bila kusukumana na mtu. Angalia sana herufi AF-S au AF-P, yaani lenzi ina mota yake ya fokasi, kabla hujalipa. D3500 haina mota ya fokasi ndani yake. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D zitaingia, zitapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Ile 50mm f/1.8D inayouzwa rahisi mitaani iko kwenye kundi hilo.

Nieleze siku ya hina, kwa sababu ndiyo mtihani wa kweli wa kamera hii. Biharusi kanyoosha mkono juu ya mto, mchoraji kainama, ncha ya koni inapita polepole kutoka kwenye kifundo kuelekea kidole cha shahada, na mstari unaotoka ni mwembamba kuliko sindano ya kushonea. Ukiwa nusu mita kutoka hapo na lenzi imefunguliwa f/1.8, kinachokuwa wazi ni takriban sentimita moja na nusu tu. Ua lililo kwenye kidole linaonekana, la kwenye kiganja limeyeyuka. Kwa mkono mimi hufunga hadi f/4 au f/5.6 na kumsogeza biharusi karibu na mlango au dirisha. Kwa uso hurudi f/2 au f/2.2, nikaweka fokasi kwenye jicho lililo karibu nami. Kamera ina nukta 11 za fokasi, na ya katikati ndiyo inayoaminika kwenye kiza, nyengine huhangaika. Mara tu chetezo kinapopitishwa na moshi wa udi ukatanda kati yangu na biharusi, lenzi huanza kwenda mbele na nyuma bila kushika kitu. Hapo hushika fokasi kabla ya moshi, nikaacha kidole nusu kwenye kitufe, nikasubiri. Picha ya moshi ukipanda pembeni mwa uso wa biharusi ni katika zile ambazo familia huomba zichapwe kubwa.

Kile kitaa cha mbele kinachowaka kusaidia fokasi nimekizima. Kinamulika watu machoni na kinaharibu utulivu wa shughuli.

Kuna jambo la taa ambalo halimo kwenye kijitabu cha kamera kwa namna ya kukusaidia. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukiweka kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde kwenye ukumbi wenye LED za bei rahisi utapata picha moja yenye mwanga, nyengine yenye mstari wa kiza, ya tatu ya rangi nyengine kabisa. Weka 1/100, na ikibidi 1/50, shida inaondoka. ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kupokea mwanga, hupandisha hadi 1600, mara nyingi 3200, na kwa D3500 bado ngozi inabaki ngozi. Kwenye 6400 chenga zinaonekana, lakini kwa picha ya kawaida ya kuchapwa haidhuru. Nyumba ikiwa na taa ya njano upande mmoja na nyeupe upande mwengine, omba moja izimwe. Hakuna kamera itakayokutengenezea hilo, hata ukipiga RAW, yaani faili ghafi la kusafishia kwenye kompyuta, na mimi RAW hupiga kila mara.

Nguo zetu pia zinaidanganya kamera. Ukumbi umejaa mabaibui meusi, kamera inadhani pana kiza, inaongeza mwanga, na nyuso zinatoka zimeungua. Biharusi akiingia na gauni jeupe, au ukipiga nje wanaume wenye kanzu wanaotoka msikitini, inafanya kinyume: inapunguza, na sura zinakuwa nyeusi hazisomeki. Kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa kiko juu karibu na shata. Kibonyeze, zungusha gurudumu, ondoa kiasi kwenye weusi, ongeza kiasi kwenye weupe. Nimewaona wapigapicha wenye kamera za gharama kubwa mno wanaotoa nyuso za watu wetu zikiwa kiza kitupu kwa kutotumia kitufe hichi, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu biharusi hurudi nyumbani na albamu ambayo yeye mwenyewe haonekani.

Turudi kwenye amana. Enzi za filamu negativu zilikaa kwa mwenye studio, na studio kama Capital Art ya Mji Mkongwe, iliyoanza mwaka 1930, ziliweka sura za watu kwa miongo. Leo negativu ni kadi, na kadi ina tabia ambayo wengi hawaijui: ukifuta picha, au hata ukiifomati ndani ya kamera, picha bado zipo na programu za kurudishia zinaweza kuzitoa. Ukiiuza kadi hiyo, au ukimwazima mtoto wa jirani, umemkabidhi shughuli nzima ya watu. Utaratibu wangu ni kadi moja kwa shughuli moja. Nikimaliza kusafisha picha nampa biharusi mwenyewe mkononi kwenye flashi diski, namuuliza kama nibaki na nakala, na akikataa, kadi naijaza video ya ukuta mtupu mpaka mwisho kabla ya kuitumia tena. Kompyuta ninayosafishia picha haiunganishwi na intaneti. D3500 ina nafasi ya kadi moja tu, hilo ni pungufu lake la kweli kwa anayefanya kazi ya kulipwa, kwani kadi ikiharibika hakuna ya pili. Kwa hiyo sinunui kadi za mtaani zisizojulikana, na kadi kubwa sana pia siziweki. Bora kupoteza saa moja kuliko siku nzima.

Hewa yetu ni adui. Kamera hii haijazibwa dhidi ya maji wala chumvi. Wakati wa Masika unyevu unaingia hadi kwenye kabati, na lenzi ikikaa kwenye mkoba wa ngozi au wa kitambaa itaota kuvu. Mimi huweka vyote kwenye chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, chenye mfuniko unaobana na vifuko vya silika ndani. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya mkoba kwa muda kwanza, la sivyo lenzi itaingia ukungu na utakosa picha ya biharusi akitoka. Baada ya kupiga ufukweni, kitambaa kilicholowa kidogo na maji baridi ya kunywa, kisha kikavu.

Kwa sasa D3500 haitengenezwi tena, kwa hiyo utakayoipata ni iliyotumika. Yangu nimeipata hivyo, chini ya milioni moja pamoja na lenzi ya kwanza. Ukiwa mbele ya muuzaji, piga picha moja ya JPEG uihamishe: faili za Nikon hubeba idadi ya picha zilizokwisha pigwa na kamera hiyo, na programu za kusomea zipo za bure. Mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, rudisha. Piga mbingu kwa f/16 uone madoa ya vumbi, maana D3500 haina ule mtetemo wa kujisafisha senso ambao kamera nyengine zinao. Madoa mawili matatu si ya kukukatisha tamaa, ila bei ishuke. Na soma lenzi ya 18-55 imeandikwa VR, yaani ina kituliza mtikisiko wa mkono, kwa sababu zipo zisizo nayo na kwa nje zinafanana.

Kwa video sikushauri. Inatoa 1080p hadi fremu 60 kwa sekunde, picha ni nzuri, lakini haina tundu la maikrofoni na skrini haigeuki wala haiguswi. Anayetaka kurikodi maulidi au kasida atazame D5600, ina tundu hilo na skrini ya kuzungusha. Kwa chaji moja inapiga picha chache zaidi, kama 970, lakini lenzi ni hizi hizi, na ile ya 35mm itamfaa vilevile.