Skuli ya binafsi Chake Chake, Pemba: walimu wazuri, utawala sasa...

Mwanangu yupo skuli moja ya binafsi hapa Chake, huu mwaka wa 3, jina silitaji. Walimu wazuri wallahi ila utawala ndo unawavunja moyo. Mwalimu mkuu wa mwanzo akiingia asubuhi anawasalimia mmoja mmoja, mwalimu akifiwa yeye ndo wa kwanza kufika msibani, na watu walikuwa wanabaki mpaka saa 9 kuwasomesha watoto wazito wa kufahamu bila ya kulipwa kitu. Huyu wa sasa anamgombeza maalim mbele ya wanafunzi! Na sie Wapemba mkubwa hajibiwi, basi wananyamaza tu, kengele ikilia wanakimbilia tuisheni zao na nani atawalaumu, mshahara wenyewe unachelewa (ada zetu lakini hazisubiriwi hata wiki).

Msimu wa karafuu ndo usiseme, watoto kibao wapo mashamba, matokeo yakiwa mabaya lawama anabeba mwalimu, wazazi hatuitwi hata kikao.

Madarasa madogo, hilo nawasifu, maana zipo skuli za serikali watoto wamekuwa wakiingia kwa mikondo miwili, wengine asubuhi wengine mchana.

Nyota 3 na zote za walimu. Mtoto simtoi kwa sababu ya yule Bi wa hesabu tu.