Oksimita ya mkononi yenye waya: inunue, lakini usiizime sauti

Ukiingia duka la vifaa tiba hapa Dar es Salaam ukaulizia oksimita, yaani kifaa cha kupima asilimia ya oksijeni kwenye damu, mara nyingi utaoneshwa kwanza kile kibanio kidogo cha kidole. Kwa mgonjwa anayeuguzwa nyumbani kinatosha. Kwa chumba cha upasuaji hakifai, hata kama namba zake ni sahihi, kwa sababu namba inataka mtu wa kuitazama, na mtoa usingizi ana mshipa, dripu na bomba la hewa vya kuangalia kwa wakati mmoja. Kinachotakiwa pale ni oksimita ya mkononi yenye waya, ya namna ambayo shirika la Lifebox, lililoanzishwa 2011, husambaza.

Ubora wake mkubwa ni sauti. Kila pigo la moyo hulia, na oksijeni ikishuka, mlio nao hushuka na kuwa mzito. Aliyeuzoea husikia hatari huku ameinamia kazi nyingine. Ndiyo maana tunasikitika sana kukuta sauti imezimwa eti inamsumbua daktari mpasuaji. Kengele iwekwe kwenye 90, lakini msiisubiri: namba ikishuka chini ya 94, ongeza oksijeni, fungua njia ya hewa, sikiliza mapafu yote mawili, kagua bomba na mtungi, pima presha. Chini ya 90 kushuka huwa kwa kasi mno.

Betri yake ni ya kuchaji, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya upasuaji inaendelea kulia. Udhaifu uko kwenye waya. Ukiuviringa kwa kuubana kila jioni, nyuzi za ndani hukatika pale unapoingia kwenye kibanio, na mashine nzima huwekwa kando kwa ajili ya kipande hicho. Nunua kibanio cha akiba siku hiyohiyo, na kingine cha watoto. Cha mtu mzima kikivishwa kidole cha kichanga, mwanga hupita pembeni na namba hudanganya.

Kabla ya kumvisha mgonjwa, jivishe mwenyewe. Tazama kwanza wimbi la mapigo kwenye kioo, namba baadaye. Wimbi likiwa bovu, namba haina maana. Presha ipimwe mkono mwingine, kwani kitambaa chake kikijaa hewa damu haifiki kidoleni. Vidole vikipoa kwa kiyoyozi, visugue. Taa kali ya upasuaji ikipiga kibanio, kifunike kwa kitambaa. Halafu kuna piko. Kifaa hupitisha mwanga mwekundu na infraredi kwenye nyama ya kidole, na weusi wa piko unaweza kuuzuia. Mama akifikishwa kwa upasuaji wa uzazi vidole vimepakwa, tumia ndewe ya sikio. Rangi ya kucha inafutika, ifutwe.

Lipo pia suala la ngozi nyeusi, nalo linatuhusu moja kwa moja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 uliangalia vipimo ambavyo kifaa kilionesha kati ya 92 na 96. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo hivyo oksijeni halisi ndani ya damu ilikuwa chini ya 88; kwa weupe, asilimia 3.6. Kwa hiyo 93 kwenye kioo isimtulize mtu.

Wala kifaa hiki hakipimi kupumua. Mgonjwa mwenye oksijeni ya barakoa anaweza kuacha kupumua na namba ikabaki 98 kwa muda. Kifua kiangaliwe kwa macho, na bomba likishaingizwa, kapnografu, kifaa kinachopima hewa ya kaboni dioksidi anayoitoa mgonjwa, ndiyo ya kuaminiwa. Utafiti wa Denmark wa 1993, wenye wagonjwa 20,802, ulionesha kwamba oksimita hugundua upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi, ila haukuthibitisha kwamba vifo vilipungua. Ilipokuwa sehemu ya orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, iliyojaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo ibandikwe ukutani na isomwe kwa sauti.

Kituo kinachofanya upasuaji kinunue moja kwa kila meza, na nyingine ya chumba cha kuamkia. Hii ya mwisho ndiyo wengi huiacha, ilhali ni huko ambako mofini ya kutuliza maumivu huendelea kupunguza upumuaji wakati mtoa usingizi ameshaanza na mgonjwa mwingine.