Nisekoi: mapenzi ya kusitasita, yaliyosomwa kwenye kivuko cha Kamanga

Juzuu ya kwanza ya Nisekoi, manga (hadithi ya picha ya Kijapani), niliinunua Makoroboi, hapa Mwanza, kwa shilingi 3,000, kwenye turubai la vitabu vya mtumba, ikiwa imebanwa kati ya kamusi isiyo na jalada na kitabu cha mapishi. Muuzaji alidhani imechapwa kimakosa kwa sababu mwanzo uko nyuma. Haikukosewa. Manga za Kijapani zinafunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama msahafu. (Mama yangu, aliposikia nasoma manga, aliuliza inahusiana vipi na pilipili.)

Mimi ni fundi cherehani, Kirumba. Kila Alhamisi napeleka sare za shule Sengerema, na hata baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa 2025 bado napenda kupitia Kamanga. Kivuko kinanipa muda wa kukaa bila mtu kuniita. Humo ndimo nilimosoma karibu juzuu zote nilizonazo.

Nisekoi maana yake ni mapenzi bandia. Anayeandika na kuchora ni mtu mmoja, Naoshi Komi. Hadithi ilitoka sura kwa sura kwenye Shonen Jump, jarida la kila wiki la Japani, kuanzia 2011 hadi 2016, na ikakusanywa katika juzuu 25. Nilizopata mimi ni za Kiingereza, Kiingereza chepesi. Binti wa kaka yangu yuko kidato cha pili na anakwenda nazo vizuri.

Raku Ichijo ni mwanafunzi wa sekondari. Baba yake ni mkuu wa genge la yakuza, wahalifu wa Kijapani, lakini yeye ndoto yake ni kuajiriwa serikalini, basi. Shingoni anavaa cheni yenye kufuli. Miaka kumi nyuma aliahidiana na msichana mdogo: yeye atunze kufuli, msichana atunze ufunguo. Sura na jina la msichana amevisahau. Anaingia shuleni Chitoge, mwenye utepe mwekundu kichwani, binti wa mkuu wa genge pinzani kutoka Marekani. Hawapatani hata chembe. Wazee wao, ili magenge yasiuane, wanawaamuru wajifanye wapenzi kwa miaka mitatu. Na darasani humohumo yupo Onodera, ambaye Raku anampenda kwa dhati, na Onodera naye anampenda Raku, na hakuna anayemwambia mwenzake.

Binti wa kaka yangu alikasirika mapema. "Shangazi, huyu kaka hana maamuzi! Njia mbili zilimshinda fisi." Wengi watasema hivyohivyo, na ndiyo sababu naandika. Kusitasita kwa hawa watoto si kasoro ya hadithi. Ndiyo hadithi yenyewe. Ukiharakisha ili ujue nani atachukuliwa, utapita juu ya kitu kizuri kuliko vyote kilichomo.

Mtazame Onodera. Nyumbani kwao wanauza vitamutamu vya kienyeji vya Kijapani. Mkono wake wa kupamba hauna mfano, lakini akipika yeye, chakula kinapendeza machoni na hakiliki. Yuko hivyohivyo kwenye maneno: moyoni sentensi imekamilika, mdomoni inatoka nyingine. Komi anaacha kisanduku kizima cha picha bila neno, mashavu tu na vile vistari vidogo vya haya, jicho limeangalia pembeni. Mimi macho yangu yamezoea mshono, kwa hiyo naona anavyochora marinda ya sketi yakiyumba mtu anapogeuka ghafla kuficha uso. Hakuna neno kwenye ukurasa, na umeelewa yote. Ukurasa wa namna hiyo niliurudia mara tatu, kivuko kikaipita Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani, bila mimi kuinua kichwa.

Nilimaliza kidato cha nne 2004. Kabla ya mtihani kijana mmoja wa darasa letu alinipa kadi ya saksesi. Wenzangu walikuwa wanapata kadi zenye mashairi, zimepuliziwa manukato mpaka zinalowa. Yangu ilikuwa na maneno mawili, "Mungu akutangulie", na jina lake hakuliweka, ingawa aliniletea kwa mkono wake mwenyewe. Nikasema asante. Alisimama. Nami nikasimama. Kengele ikalia. Sijawahi kuona mtu akiandika kile kisimamo mpaka nilipomsoma huyu Mjapani, na kwake kengele hulia mara nyingi sana.

Chitoge ni habari nyingine. Anapiga, anafoka, na hasira zake za juzuu ya kwanza zilinichosha. Lakini mapenzi ya kuigiza yana hatari yake: ukimshika mtu mkono kila siku kwa kudanganya, siku moja mkono unauzoea. Badiliko hilo Komi amelipika taratibu kabisa, na sitaki kumharibia mtu kwa kueleza zaidi. Baadaye anakuja Marika, binti wa mkuu wa polisi, ambaye yeye anatamka wazi mbele ya watu wote kwamba anampenda Raku. Nilimpenda hapohapo, na tangu siku ile ukimya wa wengine ukawa unaniuma zaidi.

Yasiyonifurahisha yapo. Kuanzia juzuu ya kumi hivi wasichana wanaongezeka, funguo zinaongezeka, na kuna sura ambazo ukiziruka hupotezi kitu. Zipo pia picha za mabafu na mavazi ya kuogelea zilizowekwa kuwafurahisha wavulana tu; mzazi azipitie kwanza kabla ya kumpa mtoto wa shule ya msingi. Na karatasi ni nyepesi, inanyonya unyevu wa ziwa. Juzuu yangu ya pili imevimba kama andazi. Wekeni kwenye mfuko wa nailoni.

Kwa anayeanza: nunua ya kwanza hadi ya tatu kwa pamoja, kwa sababu ya kwanza peke yake ina kelele nyingi na haitoshi kukuonyesha Onodera ni nani. Soma sura moja, funga, fanya kazi, rudi. Iliandikwa ili itoke wiki kwa wiki, na bado inapendeza ikisomwa hivyo.

Nne za mwanzo ni za Makoroboi, ya 5 hadi ya 15 kaka yangu aliniletea kutoka Nairobi. Ya 17 ninayo, ila sijaifungua, natafuta ya 16 kwanza. Mwenye kuiona kwenye turubai lolote mjini aninunulie, nitamrudishia hela yake na nauli. Mwisho msiniambie.