Oxford Advanced Learner's Dictionary, toleo la 10: kamusi ya kuandikia zaidi ya kusomea

Kwa miaka kadhaa niliitumia kamusi hii vibaya. Neno liliponishinda nilikwenda moja kwa moja kwenye fasili ya kwanza, nikaisoma upesi, kisha nikafunga kitabu nikiwa na hakika kwamba neno hilo nimelijua. Nilipoanza kuandika barua na ripoti kwa Kiingereza ndipo maneno yale yale yalipoanza kuniumbua, kwa sababu nilijua yana maana gani lakini sikujua yanakaaje katika sentensi. Majibu yalikuwamo humo humo muda wote, katika vialama na mifano mifupi ambayo macho yangu yalikuwa yakiiruka.

Si ajabu kwamba yamo. Kamusi hii ilianza kama kazi ya A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Kiingereza nchini Japani, pamoja na wenzake E. V. Gatenby na H. Wakefield. Ilitolewa kwanza Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaichapisha upya mwaka 1948. Hornby alimwandikia mtu anayejifunza lugha ya wengine, si Mwingereza mwenziwe, na tofauti hiyo inaonekana hadi katika toleo la 10 la mwaka 2020. Mzawa wa lugha hahitaji kuambiwa kwamba "advice" haina wingi, kwa hiyo kamusi aliyoandikiwa yeye mara nyingi haijishughulishi kumwambia. Sisi tunahitaji kuambiwa, na hapa tunaambiwa kwa herufi moja tu: U kwa nomino zisizohesabika, C kwa zinazohesabika.

Herufi hiyo moja ina faida kubwa kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye husema habari mbili au mashauri matatu bila kusita na kwa hiyo huona ni jambo la kawaida kuandika "two informations". Hakuna fasili itakayomzuia, maana kosa lake halimo katika maana. Ni hivyo hivyo kwa vitenzi. Sisi tunasema "alinieleza tatizo", na anayeelezwa huingia ndani ya kitenzi pasipo kuhitaji kihusishi, basi tunaandika "he explained me the problem" tukidhani tumeandika sawa. Ukifika kwenye kidahizo "explain" (kidahizo ni neno linaloorodheshwa na kuelezwa katika kamusi) ukasoma muundo uliochapwa hapo badala ya fasili, utaona kwamba jambo linaloelezwa hufuata kitenzi mara moja, na mtu huja baadaye akitanguliwa na "to". Kidahizo "discuss" kinatoa funzo la upande wa pili: sisi hujadili kuhusu jambo, ilhali muundo wa Kiingereza hauna nafasi ya "about". Vifupisho "sb" na "sth", yaani mtu fulani na kitu fulani, ndivyo vinavyobeba taarifa hizi zote, na anayeviona kuwa mapambo hukosa sehemu kubwa ya alichokinunua.

Jambo la pili linaloifanya kamusi hii istahili nafasi mezani ni mifano yake. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga kelele, tunapiga pasi. Kitenzi kimoja kinatufanyia kazi ambayo Kiingereza kimeigawa baina ya vitenzi vingi, na hakuna kanuni itakayokutabiria kwamba picha huenda na "take" na kelele huenda na "make". Dawa ni kutafuta nomino, si kitenzi, kisha kuangalia katika mifano inaandamana na nini. Mvua ambayo kwetu ni kubwa, kwao ni "heavy". Nikiwa na shaka juu ya ujirani wa maneno ya namna hii, siandiki mpaka niwe nimeuona katika mfano angalau mmoja.

Je, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili haitoshi? Kwa baadhi ya mambo inatosha, tena inaishinda hii. Anayetaka kujua "owl" ni nini atasoma hapa maelezo ya ndege wa usiku mwenye macho makubwa, ilhali neno moja, bundi, lingemmalizia kazi. Kwa majina ya wanyama, mimea, vyombo na magonjwa, sioni sababu ya kujitesa. Lakini kamusi ya lugha mbili huteleza pale ambapo lugha hizo hazikugawa mambo kwa namna moja. Kuazima kwetu ni kutoa na pia ni kupokea. Ukiliona neno hilo limeandikwa mbele ya "borrow" na pia mbele ya "lend", huna njia ya kujua nani ametoa na nani amepokea, na ndipo huzaliwa sentensi kama "I will borrow you my pen". Fasili ya Kiingereza hutenganisha watu hao wawili waziwazi. Mimi huanza na ya lugha mbili ili nipate dira, kisha huja hapa kuthibitisha kabla sijaliandika neno.

Fasili zenyewe zimeandikwa kwa msamiati uliowekewa mpaka wa takriban maneno 3000, ukilinganisha na takriban 2000 ambayo wachapishaji wengine, Longman, walianza nayo katika kamusi yao ya mwaka 1978. Ni rahisi kusoma, ila si kwa anayeanza kabisa. Asiyeyafahamu bado maneno hayo ya msingi atajikuta akitafuta neno ili alielewe neno, na mzunguko huo huchosha haraka. Kwa mtu huyo ningesema asubiri kwanza. Maneno muhimu yamepewa alama za viwango vya ujuzi wa lugha, kuanzia A1 cha anayeanza hadi C1 cha aliyebobea, na alama hizo humsaidia mwanafunzi kuamua neno lipi la kulikariri na lipi la kulielewa tu na kuendelea na safari.

Kuhusu matamshi, wengi hutazama alama za sauti na kukata tamaa. Ningewashauri waanze na kialama kimoja tu, kile kistari kidogo cha juu kinachotangulia silabi yenye mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, nasi huhamishia tabia hiyo kwenye neno kama "comfortable" bila kujua. Neno hutamkwa kwa irabu sahihi na bado msikilizaji hatuelewi, kwa sababu tu uzito umewekwa pasipo pake.

Kasoro ninayoiona katika kitabu ni mpangilio wa vidahizo virefu. Semi, na baada yake vitenzi vya maneno mawili au matatu kama "put up with", hukaa mwishoni kabisa mwa kitenzi husika, hivyo anayesoma maana ya kwanza ya "put" na kuondoka atakuwa amepata neno ambalo silo alilokuwa akilitafuta. Tovuti ya kamusi hii, ambayo hutumika bila malipo, imepunguza tatizo hilo kwa kuwa unaweza kuandika kitenzi chote kwa pamoja, na inakusikilizisha matamshi ya Uingereza na ya Marekani. Kwa kusoma, naitumia tovuti. Kwa kuandika bado nafungua kitabu, kizito kilivyo, kwa sababu katika ukurasa uliochapwa miundo yote ya kitenzi inaonekana kwa mtupo mmoja wa jicho, na mara nyingi ule ninaouhitaji huwa sio niliokusudia kuutafuta.