Kununua dawa ya majani ya ginko: ipi itangulie na ipi iachwe dukani

Wengi wanaoulizia ginko, mti wenye asili ya China, kwenye famasi humnunulia mzazi aliyeanza kusahau, na kwa haraka ya mapenzi huchukua chupa yoyote yenye picha ya jani lile lenye umbo la upepeo. Ninaomba wasubiri kidogo, kwa sababu utafiti wa kitabibu haukufanywa juu ya jani kwa jumla. Ulifanywa juu ya dondoo maalumu, yaani viini vilivyokamuliwa kutoka kwenye majani, lenye vipimo vinavyojulikana, na bidhaa isiyofuata vipimo hivyo haiwezi kudai matokeo yake.

Jani la ginko lina makundi mawili ya viini vinavyotafutwa. La kwanza ni flavonoidi, na la pili ni laktoni za terpeni, yaani ginkolidi na bilobalidi. Ginkolidi hazijapatikana katika mmea mwingine wowote. Muundo wake ulifumbuliwa na Koji Nakanishi na wenzake nchini Japani katika miaka ya 1960, na moja kati yake, ginkolidi B, huzuia kemikali ya mwilini inayochochea chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda) kushikamana. Lipo pia kundi la tatu lisilotakiwa, asidi za ginkoliki, ambazo huleta mzio. Asidi hizo ni ndugu wa karibu wa zile zilizomo katika mafuta ya ganda la korosho, yale yanayowababua mikono wabanguaji, kwa hiyo msomaji wa Mtwara au Lindi ataelewa upesi kwa nini kiwandani huondolewa.

Nafasi ya kwanza naipa vidonge vilivyosajiliwa kama dawa, vyenye dondoo linaloitwa EGb 761 au linalolingana nalo. Dondoo hilo lilitengenezwa na kampuni ya Schwabe ya Karlsruhe. Ujerumani huuzwa kwa jina la Tebonin na Ufaransa kwa jina la Tanakan. Kilo 35 hadi 67 za majani makavu hutoa kilo moja tu ya dondoo, lenye flavonoidi asilimia 22 hadi 27, ginkolidi asilimia 2.8 hadi 3.4, bilobalidi asilimia 2.6 hadi 3.2, na asidi za ginkoliki zisizozidi sehemu 5 katika milioni. Hata hivyo, anayenunua ajue dawa hii imeonyesha nini. Nchini Marekani, wazee 3,069 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea walipewa miligramu 120 mara mbili kwa siku au kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba ginko haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2012, wenye watu zaidi ya 2,800, ulifikia jibu hilohilo. Kinachokubaliwa na Shirika la Dawa la Ulaya ni kidogo zaidi: miligramu 240 kwa siku zinaweza kumpa nafuu mtu mzima ambaye kumbukumbu imeshapungua kwa umri, au aliye katika hatua nyepesi ya ugonjwa. Anayetarajia kinga asipoteze fedha zake.

Nafasi ya pili ni virutubisho vya ziada vyenye dondoo, iwapo lebo inataja asilimia 24 za flavonoidi na 6 za terpeni, inataja kiwango cha asidi za ginkoliki, na ina muhuri wa maabara huru. Muhuri huo nausisitiza kwa sababu ya udanganyifu ulioenea. Kwa kawaida maabara huchemsha dondoo kwa asidi ili sukari zing'oke kwenye flavonoidi, kisha hupima kinachobaki, hasa flavonoidi iitwayo kwasetini. Mdanganyifu huchanganya rutini, flavonoidi ya bei nafuu kutoka mmea mwingine. Ikichemshwa nayo hugeuka kwasetini, na hesabu ikasoma asilimia 24 kamili ilhali majani ya ginko ni machache. Mkemia makini hupima pia kabla ya kuchemsha, na hapo rutini ya ziada hujitokeza waziwazi. Mwaka 2015 China iliagiza bidhaa nyingi za ginko ziondolewe sokoni baada ya kugundulika kwamba viwanda vilikamua majani kwa asidi ya hidrokloriki badala ya ethanoli (alkoholi).

Angalia pia namba kubwa iliyo mbele ya chupa. Ikiandikwa “miligramu 6,000”, mara nyingi huo ni uzito wa majani: miligramu 120 za dondoo zikizidishwa mara 50. Linganisha bei kwa miligramu 240 za dondoo kwa siku. Kidonge cha 40 kitakulazimu kumeza sita, na chupa ya vidonge 60 iliyoonekana rahisi itakwisha baada ya siku kumi.

Chai ya majani na unga wake naviweka mbali nyuma, kwa kuwa asidi zenye madhara hazijaondolewa na viini ni vichache. Vidonge vya mchanganyiko wa “kuongeza akili” vifuate nyuma ya hapo, maana kiasi cha ginko hufichwa ndani ya jumla.

Kabla ya kulipa, mweleze mfamasia dawa zote anazotumia mzee wako. Anayetumia warfarini au aspirini, au anayesubiri upasuaji, yumo katika hatari ya kuvuja damu. Mwenye kifafa naye asianze bila daktari.

Mbegu za ginko zisinunuliwe kamwe kama dawa ya kumbukumbu. Zina sumu inayoitwa ginkotoksini, inayovuruga kazi ya vitamini B6 katika ubongo, na watoto waliokula nyingi wamepatwa na degedege.