Meta Quest 3 kwa aliyekatwa mguu: inasaidia wapi, inakwama wapi

Meta Quest 3 ni miwani ya uhalisia pepe, yaani humwonyesha mvaaji ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta. Miwani hii inajua kichwa kilipo na mikono ilipo. Miguu haiijui. Ukishalielewa hilo, maswali mengi kuhusu Meta Quest 3 katika mazoezi ya waliokatwa mguu yanajijibu yenyewe: ni nzuri kwa maumivu ya mguu usiokuwepo (yale anayoyahisi mtu katika mguu uliokwisha kukatwa), inafaa kwa mazoezi ya kusimama na kuhamisha uzito, lakini haifai kumfundisha mtu kutembea. Ile miguu inayoonekana kwenye baadhi ya programu ni makisio yanayotokana na mkao wa kichwa na mikono. Mtu anaweza kuuona mguu pepe ukikanyaga sawasawa huku ule wa bandia akiuzungusha kwa nje kutoka nyongani, na picha nzuri ikamzoesha kosa.

Tuanze na maumivu, maana hapo ndipo kifaa kinapoonyesha thamani yake. Mwaka 2007 watafiti wa hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Marekani, walionyesha kwamba kutazama mguu mzima ukifanya mazoezi kwenye kioo, dakika 15 kila siku kwa wiki 4, hupunguza maumivu hayo. Miwani hufuata njia ileile. Mgonjwa hukaa kitini, remoti moja ya miwani (zile za kushika mkononi) inafungwa kwa mkanda wa kunata kwenye muundi wa mguu mzima, na programu inauonyesha mwendo huo upande wa pili. Chagua programu inayokuruhusu kurekebisha urefu wa mguu na rangi ya ngozi. Kabla ya kuanza, muulize mgonjwa anahisi wayo usiokuwepo umekaaje. Akisema vidole vimejikunja, anzia hapohapo, kisha vikunjuliwe polepole. Ukianza na wayo ulionyooka, macho yanasema hili na hisia zinasema lile, na wengine maumivu huwazidi. Remoti isijifiche chini ya kiti: kamera zisipoiona, mguu pepe unaruka hovyo. Aliyepoteza miguu yote miwili, ambaye kioo hakina cha kumwonyesha, anaweza kuiendesha miguu pepe kwa mikono ikiwa programu inaruhusu.

Jambo moja husahaulika sana katika kikao cha kukaa. Aliyekatwa chini ya goti awekewe ubao wenye mto chini ya kisiki (sehemu ya mguu iliyobaki), goti linyooke, la sivyo tiba ya maumivu inageuka kuwa muda wa goti kukakamaa. Aliyekatwa juu ya goti alale kifudifudi baadaye ili nyonga inyooke.

Kusimama ni habari nyingine. Mtu mwenye mguu bandia hana hisia za wayo wala kifundo, kwa hiyo hutegemea macho kujua amekanyaga wapi. Miwani inamnyang'anya macho hayo. Ndiyo maana mazoezi haya yana maana, na ndiyo maana yana hatari. Anza kwa kamera za nje zikiwa zimewashwa, aone chumba na miguu yake halisi, akiwa katikati ya vyuma sambamba na mkanda wa kushikiliwa kiunoni. Msimamizi asimame nyuma kidogo, upande wa mguu bandia. Akiweza kuhamisha uzito bila kushika vyuma, ndipo mandhari pepe yaletwe, na mandhari hayo yatulie. Ulimwengu unaosogea wakati mwili umesimama huleta kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu huyu hana kifundo cha kurekebisha mwili unapoyumba. Dakika 5 zinatosha mara ya kwanza.

Uzito wa miwani ni gramu 515, karibu wote mbele ya uso. Mkanda laini unaokuja na miwani hauubebi uzito huo vizuri: kichwa huinama, kiwiliwili hufuata, na unapima usawa wa mwili ambao miwani yenyewe imeuharibu. Mkanda mgumu wenye betri nyuma unafaa zaidi, tena unaongeza muda, kwani betri ya ndani huisha baada ya saa 2 hivi. Sehemu inayogusa uso iwe ya silikoni, ifutwe baada ya kila mtu. Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu cha miwani, zisiguswe na spiriti wala kuachwa juani.

Chumba nacho kina neno. Vyumba vya mazoezi huwa na vioo vikubwa ukutani, na vioo huzichanganya kamera za miwani. Vifunike kwa shuka. Ukuta mweupe mtupu pia unasumbua, na mwanga hafifu vilevile.

Wapo wanaofunga Vive Tracker, kifaa kidogo cha kufuatilia mwendo, kwenye bomba la mguu bandia ili mguu uonekane kweli. Inawezekana, lakini sasa unahitaji kompyuta na kuoanisha mifumo miwili isiyoelewana. Ulinganifu ukipotea, mguu pepe unaelea mbali na ule halisi. Bila fundi wa karibu, achana nayo.

Kila kikao kikiisha, vua mguu bandia uangalie ngozi, hasa kwa mwenye kisukari. Aliyezama katika mchezo hasikii soketi (sehemu ya mguu bandia inayoingia kisiki) ikimbana. Wekundu usiofifia ndani ya dakika 10 unamaanisha soketi ikaguliwe kabla ya kuivaa miwani tena.