Kolibri au intaneti ya moja kwa moja darasani?
Kwa shule yenye kompyuta chache na mtandao wa kusuasua, nachagua Kolibri bila kusita. Ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality: unapakua masomo mara moja penye mtandao, unayaweka kwenye kompyuta moja, hata kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi, kisha wanafunzi wanayafungua kwenye vishikwambi kupitia Wi-Fi ya darasani, bila bando. Mwalimu anaona nani amekwama kwenye hesabu za sehemu na nani ameshamaliza, hivyo anajua kipindi cha kesho aanzie wapi. Hilo kwangu ni kubwa kuliko video zote.

Intaneti ina upana zaidi, hasa kwa mwalimu anayeandaa somo. Lakini darasa zima likifungua video kwa pamoja, zote hugandaganda na kipindi kinaishia hapo.